Maarifa Yetu Yamo Katika Fungu Gani?

Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Tunapokutana chini ya Tume hii tumezoea kuzungumzia ardhi, mishahara, bei ya mazao na kesi zinazochelewa mahakamani. Hayo ni mambo ambayo kila mmoja wetu ameyaona kwa macho yake. Leo tunawaomba mtuvumilie tuingie katika jambo lisiloonekana wala kushikika, nalo ni maarifa: yale watu wanayoyajua, na vitu vinavyozalishwa kutokana na kujua huko. Tuna maswali mawili. Zao la maarifa ni nini? Na tukishalitambua, tuliweke katika fungu gani? Swali la pili laweza kuonekana kuwa kazi ya makarani wa maktaba. Tutajaribu kuonyesha kwamba, kwa sehemu kubwa, ndilo linaloamua nani alipwe na nani aondoke mikono mitupu.

Suala hili si geni katika mafundisho ya Kanisa. Mwaka 1991 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus, alieleza kwamba umezuka umilikaji wa namna nyingine ambao uzito wake haupungui ule wa ardhi, yaani kumiliki ujuzi, teknolojia na maarifa. Aliongeza kwamba utajiri wa mataifa yenye viwanda umejengwa juu ya umilikaji huo kuliko juu ya maliasili. Aliandika hayo wakati vijiji vyetu vingi havijawahi kuona simu ya mkononi.

Zao la maarifa ni nini

Chukueni kanga. Kanga mbili zaweza kukatwa katika kitambaa kile kile, kwa pamba ile ile na upana ule ule, moja ikabaki dukani hadi ipauke na nyingine ikagombaniwa siku ya kwanza kwa sababu ya jina lililoandikwa juu yake na jinsi pindo na mji vilivyopangwa. Tofauti ya bei kati ya kanga hizo mbili haikutoka shambani wala kwenye mashine. Imetoka kichwani mwa mtu. Basi, kwa maana tutakayoitumia hapa, zao la maarifa ni lile ambalo sehemu kubwa ya thamani yake inatokana na jambo ambalo mtu alilijua au alilibuni, kuliko inavyotokana na malighafi au nguvu za mwili.

Mtu anaweza kutupinga kwa kusema kwamba hata jembe limetengenezwa kwa maarifa, na ni kweli. Hakuna kitu kilichopita mikononi mwa binadamu bila kupita kwanza akilini mwake. Kwa hiyo mpaka tunaouchora ni wa kiasi tu, na pale katikati pana vitu vingi vyenye kutatanisha. Mbegu ni kimojawapo, nasi tutairudia.

Aliyejaribu mapema kuhesabu mazao ya namna hii kwa nchi nzima ni Fritz Machlup, mchumi mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Marekani. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1962 alikadiria kwamba uzalishaji wa maarifa ulichukua kama asilimia 29 ya pato la taifa la Marekani kwa mwaka 1958. Aliingiza humo shule, utafiti, vitabu na redio, mashine za kukokotoa, na huduma za watu kama mawakili na madaktari. Liko jambo moja katika hesabu yake ambalo akina mama walio hapa watalipenda: aliingiza pia elimu inayotolewa nyumbani. Mama anayebaki na mtoto mdogo akimfundisha kusema na kutambua mema na mabaya anazalisha maarifa, na gharama ya kazi hiyo ni mshahara ambao angeupata kama angekwenda kuajiriwa. Aidha aliyagawa maarifa yenyewe katika mafungu matano: ya kufanyia kazi, ya kukuza akili, ya mazungumzo na kupitisha wakati, ya kiroho, na yale yasiyotakiwa, yanayomfikia mtu bila yeye kuyatafuta. Tunadhani fungu hilo la mwisho limenenepa sana tangu siku za Machlup.

Mwaka 1996 shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zenye viwanda, OECD, lilitoa taarifa iliyopendekeza mgawanyo mwingine, mfupi na wa kufaa zaidi kwetu. Kuna kujua nini, yaani habari za mambo yalivyo. Kuna kujua kwa nini, yaani sababu na kanuni za maumbile. Kuna kujua namna, yaani ustadi wa kutenda. Na kuna kujua nani, yaani kufahamu ni mtu gani anajua jambo gani na jinsi ya kumfikia. Maarifa ya aina mbili za kwanza husafiri kwa karatasi. Unaweza kuyanunua kitabuni. Aina mbili za mwisho hukaa ndani ya watu, na huhama polepole, kwa mwanafunzi kukaa miaka karibu na mwalimu wake.

Tunaomba tukae kidogo kwenye kujua namna, maana ndiko utajiri wa wengi wetu uliko, na ndiko unakodharauliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa maharage nchini Rwanda waliwaalika wanawake wakulima wafike kwenye kituo cha utafiti cha Rubona wachague wenyewe, miongoni mwa mbegu zilizokuwa zikijaribiwa, zile wanazoona zitawafaa. Wanawake wale walikuwa wakipanda mchanganyiko wa aina nyingi za maharage kwa pamoja, na walijua ipi inavumilia kivuli cha migomba, ipi inastahimili udongo uliochoka, ipi inaiva mapema wakati wa njaa. Mbegu walizozichagua zilizaa vizuri mashambani mwao kuliko mchanganyiko waliouzoea. Wale walikuwa wataalamu kamili. Utaalamu wao haukuwa umeandikwa popote.

Mafungu ya sheria

Mpaka hapa tumesikia wachumi. Wanasheria nao wana mafungu yao, na haya ndiyo yenye meno.

Turudi kwenye kanga yetu. Mashine mpya ya kuchapia, ikiwa ni uvumbuzi wa kweli, huingia katika fungu la hataza: mvumbuzi anaueleza uvumbuzi wake wazi mbele ya serikali, na kwa malipo ya uwazi huo anapewa haki ya kuwazuia wengine kuutumia, kwa kawaida miaka 20. Namna ya kuchanganya rangi ambayo mwenye kiwanda hamwambii mtu ni siri ya biashara, nayo hudumu kadiri siri inavyotunzwa. Mchoro wa pindo na mji waweza kulindwa kama usanifu wa bidhaa au kwa hakimiliki, ambayo kwa mikataba ya kimataifa hudumu maisha ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Maneno madogo “K.H.E. Mali ya Abdulla”, ambayo mama zetu wameyaona kwenye kanga za Mombasa maisha yao yote, ni alama ya biashara, na alama yaweza kuhuishwa tena na tena pasipo mwisho. Na lile jina lenyewe, yale maneno yaliyomfanya mnunuzi atoe pesa? Hayo, mara nyingi, hayana fungu. Sheria za nchi nyingi hazilindi maneno machache kiasi hicho, na mengi yametoka katika methali ambazo hakuna ajuaye nani alizisema kwanza.

Mmeona basi kwamba kitambaa kimoja kimebeba mazao manne au matano ya maarifa, kila moja na mwenyewe wake, muda wake na mlango wake wa serikali, na kwamba lile lililoiuza kanga ndilo lisilo na mwenyewe.

Anayeyajua mafungu haya anaweza kuyachagua kwa busara. Mwaka 2005 serikali ya Ethiopia iliomba nchini Marekani kusajili majina ya kahawa zake, Harrar, Sidamo na Yirgacheffe. Ingeweza kuomba ulinzi wa jina la mahali bidhaa inapotoka, lakini fungu hilo lingedai ukaguzi wa mamia ya maelfu ya mashamba madogo yaliyotawanyika. Ikachagua alama ya biashara. Wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani walipinga. Mwezi Juni 2007 kampuni ya Starbucks ilitia saini mapatano na Ethiopia kuhusu matumizi ya majina hayo. Kahawa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba Ethiopia ilisimama kama mwenye jina. Hatusemi kwamba tangu siku hiyo kila mkulima wa Sidamo ametajirika. Tunasema kwamba kabla ya hapo hapakuwa na la kujadiliana.

Maarifa yanayobaki nje

Ukiyatazama mafungu ya wanasheria kwa makini utaona kwamba karibu yote yameshonwa kwa kipimo cha mwili mmoja. Yanamtaka mvumbuzi anayejulikana, siku ya uvumbuzi inayojulikana, na kitu kisichobadilika. Mikataba miwili mikubwa ambayo ni msingi wake ilitiwa saini Paris mwaka 1883 na Berne mwaka 1886, wakati ambapo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigawana bara letu, na walioiandika walikuwa wakifikiria viwanda vyao na waandishi wao wa vitabu. Hatuwalaumu kwa kufikiria vya kwao. Lakini maarifa yaliyotengenezwa na watu wengi, polepole, kizazi baada ya kizazi, hayaingii humo. Na yasipoingia huitwa malighafi, yaani kitu cha kuokotwa bure mpaka mwingine akifanyie kazi.

Mwarobaini tunaufahamu sote. Jina lake kwa Kiswahili ni tangazo tosha la yale watu wanayoamini unaweza kutibu. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza juu ya njia ya kuzuia ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Watu wa India, pamoja na wabunge wa chama cha Kijani cha Ulaya na shirikisho la kilimo hai, walipinga kwa kuonyesha kwamba jambo hilo lilikwisha kufanyika India. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwezi Machi 2005. Miaka 11 ilipita.

Kesi ya manjano inafundisha zaidi. Mwaka 1995 chuo kikuu kimoja cha Marekani kilipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda, jambo ambalo bibi wengi wa India wangelieleza bila kufumbua kitabu. Baraza la utafiti la India lilishinda mwaka 1997. Lakini lilishinda kwa nini? Kwa sababu lilileta maandishi ya kale ya Kisanskriti, na makala iliyochapishwa mwaka 1953 katika jarida la madaktari wa India. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, matumizi ya jambo katika nchi nyingine hayakuhesabiwa kama ushahidi isipokuwa yamechapishwa au yamepewa hataza. Sheria hiyo ilibadilika kuanzia mwezi Machi 2013. Kabla ya hapo, neno la mdomo la bibi halikuwa na uzito wowote. Karatasi ilikuwa na uzito. Jiulizeni ni dawa ngapi za wazee wetu zina makala ya mwaka 1953.

Na kuna maharage. Mwaka 1994 mfanyabiashara wa Marekani alinunua mfuko wa maharage ya manjano nchini Mexico, akayapanda na kuyachagua kwa misimu michache, na mwaka 1999 akapata hataza juu yake. Alianza kuwadai mrabaha walioingiza maharage ya manjano kutoka Mexico, na wakulima wa kule wakapoteza soko la chakula ambacho babu zao walikipanda. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo kilichopo Colombia kilikuwa na maharage ya rangi ile ile katika hifadhi yake ya mbegu, kikapinga mwaka 2000. Uamuzi wa mwisho wa kuifuta hataza ulitolewa na mahakama mwaka 2009. Kwa miaka 10, nusu ya uhai wa hataza, haki ilikuwa upande wa asiyestahili, na hakuna aliyewarudishia wale wakulima hasara yao.

Sasa mbegu. Hapa ndipo mafungu yanapoingia mashambani mwetu moja kwa moja. Mkataba wa biashara uliotiwa saini Marrakesh mwaka 1994 uliyataka mataifa wanachama kulinda aina mpya za mimea, ama kwa hataza ama kwa mfumo mwingine wenye nguvu. Mfumo uliosambaa ni ule wa mkataba wa UPOV wa mwaka 1961, uliokazwa mwaka 1991. Tanzania iliingia katika mkataba huo mwaka 2015. Kenya ilikwisha kuingia mwaka 1999. Ili mbegu ilindwe ni lazima iwe mpya, itofautiane na nyingine, ifanane yenyewe kwa yenyewe, na isibadilike kizazi hadi kizazi. Anayetimiza hayo hupata haki kwa muda usiopungua miaka 20, na kwa miti na mizabibu miaka 25.

Tafakarini masharti hayo mawili ya mwisho. Mchanganyiko wa maharage wa wale wanawake wa Rwanda haufanani, na wala haukusudiwi kufanana. Ndiyo maana mvua ikikosea bado kuna kitakachovunwa. Unabadilika kila msimu, kwa kuwa mkulima anauchagua upya. Sifa zile zile zinazoufanya uwe zao bora la maarifa ndizo zinazoutoa katika fungu. Wakati huo huo mtaalamu wa kituo cha utafiti anaweza kuchukua mbegu moja kutoka humo, akaisafisha mpaka ifanane, naye akapata haki juu yake. Hatumwonei kijicho, kazi yake ni ngumu na mbegu zake zimeokoa wengi. Tunachosema ni kwamba wafanyakazi wawili wamelima shamba moja, na kipimo cha mshahara kimewekwa kwa namna ambayo mmoja wao hawezi kupimwa kabisa.

Zaidi ya kutopimwa, aliwahi hata kuhesabiwa mhalifu. Nchini Kenya sheria ya mbegu ilimtisha kwa kifungo mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa, ingawa Katiba ya mwaka 2010 inalitaka Bunge kutambua na kulinda umilikaji wa mbegu za asili na matumizi yake kwa jamii. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani, na mwezi Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba.

Fungu jipya, na kazi iliyo mbele yetu

Yako majaribio ya kutengeneza fungu linalotutosha. Mwaka 2010 ulipitishwa Swakopmund, Namibia, mkataba wa nchi za shirika la miliki bunifu la Afrika, ARIPO, juu ya maarifa ya jadi. Humo mwenye haki anaweza kuwa jamii nzima. Mwaka huo huo huko Nagoya, Japani, yalikubaliwa masharti ya kwamba anayechukua viumbe hai na maarifa yanayoambatana navyo apate kwanza ridhaa, na faida igawanywe kwa mapatano. Kenya ilitunga sheria yake ya maarifa ya jadi mwaka 2016. Mwezi Mei 2024, mjini Geneva, mataifa yalikubaliana kwamba anayeomba hataza inayotokana na viumbe hai au maarifa ya jadi ni lazima ataje yalikotoka. Kutaja tu si kulipa, lakini angalau jina la kijiji litakuwa limeandikwa, na mkataba huo utaanza kazi baada ya kuridhiwa na mataifa 15.

Sasa wengi watauliza: je, tuyaandike maarifa yetu? Ushauri wa haraka huwa ni ndiyo, na kesi ya manjano inaonekana kuunga mkono. Sisi hatuna haraka hiyo. Kuandika na kutangaza kunamzuia mwingine asidai kuwa amevumbua, lakini pia kunamfungulia kila mpita njia asome bila kuuliza. India, ilipoanza mwaka 2001 kukusanya maandishi ya tiba zake za kale, ilijenga hifadhi ambayo ofisi za hataza huruhusiwa kuipekua kwa mapatano maalumu. Nasi tunapendekeza kila kikundi kitenganishe mambo yake. Yale yanayojulikana na kila mtu, kama majina ya mbegu za kijiji, rangi yake, mwezi wa kupanda na ni nani aliyeanza kuileta, yaandikwe wazi na kwa tarehe, kwani hapo tarehe ndiyo ngao. Yale yanayojulikana na mzee mmoja au ukoo mmoja, hasa dawa, yabaki kwao hadi wenyewe waamue, na wala kiongozi wa jumuiya asiwashinikize kwa jina la maendeleo.

Akija mtafiti, apokewe kwa heshima, maana wengi wao ni watu wema na tunawahitaji. Lakini kabla hajafungua daftari aulizwe: ametumwa na nani, na barua yake iko wapi, jina la nani litaandikwa katika taarifa yake, sampuli za majani au mbegu zitakwenda nchi gani na kukaa kwa nani, na ikitokea faida, itarudi kwa njia ipi. Majibu yaandikwe, yatiwe saini mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao awe mama. Asiye na majibu aombwe arudi akiwa nayo.

Daftari la kikundi lihifadhiwe kwa nakala mbili, moja kwa katibu na moja katika ofisi ya parokia, na kurasa zinazohusu dawa zikunjwe peke yake katika bahasha ambayo haitafunguliwa bila idhini ya mwenye dawa au warithi wake.